Bitana ya Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka saa nne asubuhi, na saa tano Mkurugenzi ameniita. Sikupata hata nafasi ya kuanika mwavuli. Alikuwa ameegemeza simu yake kwenye kikombe, akanigeuzia nisome. Kwenye ukurasa wa mtu anayejiita Bwana Pindo, mbele ya wafuasi elfu arobaini, imeandikwa kwamba Mama Radi ataingia kwenye gemu la Fundi Kufuli, na atapitia mlango wa nyuma wa duka.

Habari hiyo tunaijua watu watano tu. Mkurugenzi mwenyewe, mimi, Mkata Filamu wa ghorofa ya kwanza, Mhandisi wa gemu wa ghorofa ya pili, na Dada Rangi anayepaka rangi katuni zetu hapa chini. Mkurugenzi alituhesabu kwa vidole. Alipofika kwangu alikishikilia kidole kuliko vingine. Nilimwona.

Alhamisi, 7 Machi

Atakayeokota daftari hili nikishakufa ajue kazi yangu, asije akadhani nilikuwa mlinzi. Nyumba yetu inasimulia hadithi moja kwa njia tatu. Chini tunachora katuni, katikati wanakata filamu, juu wanatengeneza gemu, na wahusika wote wanaishi katika ulimwengu mmoja. Mama Radi ni wa katuni, Asiyelala ni wa filamu, Fundi Kufuli ni wa gemu, lakini wanatembeleana. Mtu aking'oka jino huku chini, lazima awe na pengo na kule juu. Mimi ndiye ninayefuatilia nani amevuka kutoka wapi kwenda wapi, lini, amevaa nini, ameumia wapi. Nina chumba chenye kadi elfu sita na ubao wa nyuzi za rangi tatu. Kwa miaka kumi na miwili hajatokea mhusika aliyekufa ghorofa moja akaonekana anakunywa chai ghorofa nyingine. Wananiita Bi Hakiki, na wanadhani sijui kwamba ni dhihaka.

Nyumbani tupo wawili, mimi na Mama. Alivunjika nyonga mwaka jana nikamchukua. Miaka arobaini alishona sare za shule. Sasa anakaa dirishani na fremu yake ya kutembelea, anacheza karata kwenye simu. Katuni zikishatoka madukani namletea nakala apitishie muda. Anasema "picha nzuri," anaziweka chini ya mto.

Jumatatu, 11 Machi

Mkurugenzi ametukusanya akasema sisi ni familia. Akisema familia, jua kuna mtu atatolewa.

Wengine walipoondoka alinibakiza. Toleo kubwa, lile ambalo wahusika wote watatu wanakutana, linazinduliwa mwisho wa Mei, mvua zikikatika. Nikifika hapo bila kumjua anayevujisha, chumba changu kinafungwa na kadi zangu zinapewa mashine izisome. Amesema kwa upole, kama daktari. Nimerudi chumbani nikafunga mlango, nikagusa masanduku ya kadi moja moja. Sioni haya kuandika kwamba nililia. Sina mume, sina mtoto. Nina Mama na kile chumba.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Dari la ukumbini linavuja, siri zinavuja, na fundi wa kuziba hajulikani kwa vyote viwili.

Jumanne, 19 Machi

Bwana Pindo tena. Safari hii anasema Asiyelala atapoteza mkono wa kulia katika filamu ijayo. Ni kweli, atapoteza. Filamu yenyewe bado iko kwenye meza ya Mkata Filamu. Nje kimetoka kionjo cha dakika moja tu, na ndani yake Asiyelala ana mikono yote miwili.

Nimeanza kuwatazama watu. Mkata Filamu analaza simu kifudifudi akila. Mhandisi anacheka peke yake ngazini, na mtu anayecheka peke yake ama ana wazimu ama ana kipato cha pembeni. Dada Rangi ndiye ninayemshangaa zaidi. Miaka tisa meza yake inatazamana na mlango wa chumba changu, chai yake tunagawana, yeye kikombe mimi kifuniko cha chupa. Hakuwahi kuwa mdadisi. Wiki hii ameniuliza mara tatu Mkurugenzi ananiambia nini, chumba changu kina shida gani, kwa nini macho yamenivimba. Mara tatu, nimehesabu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 22 Machi

Nimetega. Mkurugenzi nimemweleza, akafurahi mpaka akanipa mkono.

Mitego ni mitatu, kila mtu na wake, na yote ni uongo mtupu. Mkata Filamu nimemwambia Asiyelala ana dada aliyefichwa. Mhandisi nimemwambia ufunguo mkuu wa Fundi Kufuli una meno manne, ingawa tangu azaliwe una matatu. Dada Rangi nimempelekea karatasi ya rangi, kama ninavyompelekea kila wiki, na ndani yake nimeandika kwamba katika toleo kubwa bitana ya koti la Mama Radi ni ya kijani. Tangu katuni ya kwanza bitana ile ni nyekundu. Uongo utakaojitokeza nje utanionyesha mdomo uliotoka.

Dada Rangi aliisoma karatasi, akaniangalia, akaisoma tena. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nimejibu nimelala kama gogo.

Jumatatu, 25 Machi

Kimya. Mhandisi amenipita ngazini bila salamu.

Nimefikiri usiku kucha kwamba huenda huyu Bwana Pindo anabahatisha tu. Kwa hiyo nimeongeza mtego wa nne, wa kumpimia yeye mwenyewe, na huu sijamwambia binadamu yeyote, hata Mkurugenzi. Nauandika hapa peke yake: Asiyelala alishakufa zamani, na amezikwa chini ya duka la Fundi Kufuli. Akiusema huu, basi si mvujishaji, ni mganga, na mimi nitaacha kazi nikauze mkaa.

Mama ameniuliza mbona sili. Nimemwambia nimekula kazini.

Alhamisi, 28 Machi

Amenaswa.

Saa sita mchana Mkata Filamu ameshuka moja kwa moja hadi ofisi ya Mkurugenzi, nami nikaitwa. Anasema jana jioni Dada Rangi alimpigia simu kumuuliza kama huko juu wamesikia lolote kuhusu bitana ya kijani. Akamsihi, kwa maneno haya haya, "tafadhali usimwambie mtu kwamba nimeuliza, hasa Mkurugenzi." Mkata Filamu hakujua kwamba kijani ni mtego. Aliona tu haikukaa sawa.

Habari nilimpa mtu mmoja, na baada ya siku tano imepanda ghorofa, tena kwa kunong'ona. Mkurugenzi alinitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu niajiriwe. Aibu yangu ni kwamba nilifurahi.

Jumanne, 2 Aprili

Kikao kimechukua dakika kumi na moja. Mvua ilikuwa inapiga bati la maegesho mpaka ikabidi Mkurugenzi apaze sauti. Alimuuliza Dada Rangi kwa nini aliulizia jambo la siri kwa mlango wa nyuma, na kwa nini alitaka lifichwe. Dada Rangi alikaa mikono mapajani, vidole vina wino wa bluu. Alinitazama. Alinitazama muda mrefu sana, macho yale ya mwizi anayemwomba mwenye nyumba amwonee huruma. Mimi nikatazama dirisha.

"Sina la kusema," akasema.

Mkurugenzi akamuuliza tena. Dada Rangi akanitazama tena. Kisha akasema yale yale.

Ameachishwa hapo hapo. Alikusanya brashi zake kwenye mfuko wa plastiki, akaosha kikombe chake, akaniachia chupa ya chai ikiwa imejaa. Sikuinywa. Anayetaka kunionea huruma asinionee. Nilimtafuta mwizi nikampata.

Ijumaa, 5 Aprili

Kiti chake wamekipeleka ghorofa ya pili. Mahali kiliposimama sakafu ni safi kuliko pengine.

Jumanne, 9 Aprili

Wiki tatu sasa Bwana Pindo hajaandika kitu. Wafuasi wake wanamuuliza kama anaumwa. Kazini wote wanasema unaona, ametoka huyu na yule amenyamaza, ushahidi gani tena unataka. Mkurugenzi amesema chumba kitabaki. Nimepongezwa ngazini na Mhandisi, akiwa na ndala zake.

Lakini kuna jambo linaniwasha. Kama Dada Rangi ndiye mvujishaji, kwa nini kijani hakikutokea kwa Bwana Pindo? Alikuwa na siku tano. Aliyeuza mengine yote, hili alilibania nini?

Ijumaa, 12 Aprili

Nimelirudia swali hilo siku tatu. Mama amenikamata mkono mezani akauliza kuna nini. Nimemjibu vibaya. Aliachia mkono akarudi dirishani na fremu yake, tok, tok, tok, na mimi nikaosha vyombo kwa kelele.

Jumanne, 16 Aprili

Haya ni ya leo leo, tangu asubuhi.

Saa tatu Mhandisi ameingia chumbani kwangu bila kubisha, amenyoosha simu. Bwana Pindo amerudi. Ameandika sentensi moja tu, bila maelezo yake ya kawaida: "Asiyelala amezikwa chini ya duka la Fundi Kufuli." Mhandisi alikuwa anacheka, anasema safari hii jamaa amekosea vibaya, Asiyelala yu hai na ana filamu mbili mbele.

Mimi sikucheka. Sentensi ile haipo kwenye kadi, haipo kwenye ubao, haipo kichwani mwa mtu mwingine. Ipo katika daftari hili, ukurasa wa tarehe 25 Machi, na daftari hili linakaa kabatini kwangu chini ya mashuka.

Niliomba ruhusa nikasema tumbo. Njiani nilijaribu kumtwika lawama jirani anayekuja kumsaidia Mama kuoga. Nikajaribu fundi wa bomba aliyekuja mwezi uliopita. Mtu ukiwa na shuka fupi unalivuta huku linafunua kule. Nilipofungua mlango Mama alikuwa dirishani kama kawaida, na simu mkononi, na miwani yake ya kushonea puani. Miwani ya kushonea, kwa karata.

Sikumsalimia. Nilimwomba simu. Alinipa bila neno. Wafuasi elfu arobaini na moja.

Nilikaa kitandani kwake. Nilitaka kupiga kelele, na kilichotoka ni swali la kijinga, kwamba tangu lini yeye ni bwana.

"Nikijiita Bibi angenisikiliza nani?" akasema. "Wangeniambia nikapike."

Kisha akavuta katuni kutoka chini ya mto, zimejaa vipande vya uzi kama alama, akanionyesha. Katuni ya thelathini na moja, koti la Mama Radi limeshonwa kiwiko. Mishono imelala kushoto. Mtu wa mkono wa kulia hailazi hivyo, anasema, yeye amefundisha wasichana mia kushona na anajua. Katika ulimwengu wetu wote mtu wa mkono wa kushoto ni mmoja, Fundi Kufuli wa kwenye gemu, na gemu lenyewe Mama amelicheza mpaka mwisho mara mbili. Basi Mama Radi ameshakwenda dukani kwake, na gemu halina budi kuja kutuonyesha. Katuni ya thelathini na mbili, pindo la koti lina vumbi la kijivu. Ni unga wa chuma, na kwenye gemu unga wa chuma upo chumba cha nyuma tu. Basi alipitia nyuma. Na Asiyelala kwenye kile kionjo amebadilishiwa shati. Miaka yote lina vifungo vya kupenyeza, sasa lina vifungo vya kubana, vimewekwa pa kufikiwa na mkono wa kushoto. Mtu mwenye mikono miwili, Mama akasema, anabadilishia nini vifungo? Zile wiki tatu alinyamaza kwa sababu sikuwa nimemletea katuni mpya.

Hakuna mtu aliyevujisha chochote. Kilichomwongoza ni vitu vilivyouzwa dukani, na kila uzi aliouvuta mimi ndiye niliyeuweka. Mishono ile niliiagiza mimi. Vumbi lile lipo kwenye kadi yangu. Niliusuka ulimwengu usiwe na tundu hata moja, na mshonaji mzee akaushika ncha akaufuata.

Nikamuuliza kuhusu daftari. Hapo ndipo aliposhusha macho. Alisema nilikuwa nimeacha kula, nimeacha kumsalimia jioni, natazama sahani kama inanidai. Siku ile nilipomjibu vibaya alikwenda kabatini asubuhi yake. Alisoma yote. Alisoma kwamba namwinda mtu ambaye ni yeye, na kwamba binti wa watu amefukuzwa kwa ajili yake.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilijaribu siku tatu. Mdomo ulikataa." Akavua miwani. "Nikaona niandike lile ambalo ungejua limetoka humu ndani. Ukishajua ni mimi, hutamdhani tena yule wa rangi. Kamrudishe, mwanangu."

Nilimkasirikia mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nilikumbuka zile dakika kumi na moja, na hasira ikakosa pa kukaa.

Jumatano, 17 Aprili

Mimi ni mama yake. Nimemwomba ukurasa amenipa. Nataka ijulikane kwamba sijawahi kucheza karata kwenye simu. Karata ni za watu wasio na kazi. Pia mwandiko wake umeharibika sana tangu shuleni.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia Mkurugenzi. Hakuamini. Alisema namkingia kifua rafiki yangu kwa kumsingizia mzazi, na kwamba hajawahi kusikia jambo la aibu kama hilo. Basi Mama amekuja mwenyewe, kwa teksi, kwenye mvua, na fremu yake. Ngazi tano za mlangoni zilimchukua robo saa, na hakukubali kushikwa.

Mkurugenzi alimkaribisha vizuri, shikamoo ya heshima, kiti chenye mto. Kisha akamwekea mbele katuni mbili za mwisho, ambazo zimeshatoka, akamuuliza ni nini kitatokea kwenye toleo kubwa. Jibu tunalijua mimi na yeye tu. Hata Mkata Filamu hajapewa. Mama alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye mabega ya Mama Radi, ukurasa baada ya ukurasa, jinsi alivyokuwa akikagua sare.

"Koti hili limefumuliwa mabegani likaongezwa," akasema. "Mara mbili. Yeye hajanenepa. Analipanua kwa ajili ya mtu mwingine. Atalivua amwachie yule wa kufuli, na akishalivua hatakuwa Mama Radi tena."

Mkurugenzi alifunga katuni. Aliniambia, bila ukali, kwamba miaka kumi na miwili amemlipia mvujishaji ofisi na dirisha, na kwamba mvujishaji huyo ni mimi. Alicheka kidogo. Kisha akamgeukia Mama akamuuliza kama angependa kibarua.

"Nina miaka sabini na sita na chuma nyongani," Mama akajibu. "Kibarua mpe uliyemfukuza."

Barua ya kumrudisha Dada Rangi imeandikwa leo. Chumba changu kitafungwa hata hivyo, kwa kuwa ulimwengu usio na tundu hubashirika wote, na kinachobashirika hakiuziki. Nitapewa meza kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza, na nitaachia makosa mawili matatu kila toleo, kwa makusudi. Nilidhani ingeniuma zaidi.

Jumatano, 24 Aprili

Barua nimeomba niipeleke mwenyewe.

Anakaa chumba kimoja na baraza, nyuma ya duka la vioo. Nilimkuta barazani anaandika kibao cha kinyozi, kichwa cha mtu na mkasi. Alinikaribisha kigoda, akaendelea kupaka. Nilimpa barua akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la rangi. Mvua ilikuwa imepumzika na maji yanatiririka mtaroni kwa kasi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kuomba radhi, lakini swali lilitangulia. Nilimuuliza kwa nini alimpigia simu Mkata Filamu kuhusu kijani.

"Nilidhani umekosea," akasema.

Alieleza huku akipaka, hakugeuka. Miaka tisa amepaka bitana ile nyekundu. Siku ile akaona nimeandika kijani, na macho yangu yamevimba, na Mkurugenzi ananiita kila asubuhi, na ukumbini watu wananong'ona kwamba chumba changu kinatafutiwa sababu ya kufungwa. Akajua kazi imenilemea na nimekosea. Kuniuliza kwa ujumbe hakuweza, kwa sababu ujumbe wote wa ofisini Mkurugenzi anausoma. Kuniuliza uso kwa uso aliona atanivunja moyo. Akaamua kuulizia juu kimyakimya kama kuna aliyebadilisha, na kama hakuna, apake nyekundu kama siku zote, na mimi nisijue kamwe kwamba nilikosea. Ndiyo maana alimsihi yule asiseme. Alikuwa ananificha mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakuyasema hayo kikaoni.

"Ningesema Bi Hakiki kakosea? Mbele yake, siku ile?" Akachovya brashi. "Nilikuwa nakuangalia useme wewe. Neno moja tu, kwamba kijani umeandika wewe. Nikasubiri."

Macho yale. Niliyaandika hapa kwa mkono wangu, tarehe 2 Aprili, na nikayaita ya mwizi.

Ningeweza kuishia hapo. Angeendelea kuamini kwamba nilikosea, na kosa husameheka. Lakini nilimtazama shingo yake pale alipoinama, nikaona siwezi kurudi kufanya kazi naye na uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Nikamwambia sikukosea. Nikamwambia kijani kilikuwa mtego, na niliutega kwa ajili yake.

Brashi ilisimama. Tone la rangi nyeusi likaanguka kwenye kichwa cha yule mtu wa kinyozi, likaanza kushuka, na hakulifuta.

"Bora ungekuwa umekosea," akasema.

Jumatatu, 29 Aprili

Amerudi kazini. Hakuna njia, ana kodi na mdogo wake anasoma. Amesalimia watu wote, na mimi pia, kwa maneno yale yale.

Ijumaa, 3 Mei

Kadi zimeingia kwenye masanduku, masanduku yameingia stoo. Ubao nimeuvua nyuzi mwenyewe. Mama ameziomba nyuzi.

Jumatatu, 6 Mei

Dada Rangi amemwandikia Mkurugenzi sharti moja, naye amelikubali. Karatasi yoyote ya rangi itakayotoka kwangu lazima isainiwe na mtu wa pili kabla hajaishika. Mtu yeyote, amesema. Hata mlinzi. Hajalalamika, hajanitaja kwa ubaya, na maneno yake yote katika barua ile ni ya adabu. Nimeisoma mara nne nikitafuta pa kukasirikia.

Jumanne, 14 Mei

Mvua zimepungua, ni manyunyu ya asubuhi tu. Bwana Pindo ameandika leo kwamba Fundi Kufuli ana pacha. Mama amekosea, amepotoshwa na lile kosa langu la kwanza la makusudi. Amekasirika hajala cha mchana.

Chai kazini nanunua kibandani.

Ijumaa, 31 Mei

Toleo kubwa limetoka jana na watu wamepanga foleni hadi barabarani. Jua kali. Mkurugenzi amesema familia mara sita, na hakuna aliyetolewa.

Saa nane nilishuka na karatasi ya rangi ya toleo lijalo. Niliiandika kwa makini kuliko zote za maisha yangu. Mama Radi hana koti tena, kwa hiyo nilieleza gauni lake, ukosi, hata soksi, na kila kitu kilikuwa kweli. Dada Rangi aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Aliisoma hadi chini, kisha akaigeuza nyuma kutafuta saini ya pili. Kwa haraka yangu nilikuwa nimesahau. Akanirudishia, taratibu, bila kuniangalia usoni, akachukua kazi nyingine.

Nikapanda ngazi kumtafuta mtu wa kunisainia.